Nyota Tano za Mgema

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma tathmini za baa za Maskati kama wengine wasomavyo riwaya za upelelezi: usiku, kwa siri kidogo, na kwa nia ya kumkamata mtu. Zimeandikwa na wageni waliokuja mjini kwa mkataba wa miaka miwili mitatu, na wasafiri wa siku tatu, na hivi karibuni na ndugu zetu wa ughaibuni wanaopitia Maskati wakielekea Unguja au Mombasa. Zote zina safu tatu zile zile. Bia: ni baridi au si baridi, ni ghali au ni ghali mno. Mandhari: taa, muziki, skrini za mpira, moshi wa sigara. Huduma: mhudumu alikuja upesi, alichelewa, alitabasamu, hakutabasamu. Kisha nyota. Nadai katika makala haya kwamba safu hizo zimepotoka zote tatu, kila moja kwa namna yake. Na kwamba sisi tunaoandika Kiswahili, ambao tulikuwa na nyenzo bora za kuzihukumu nyumba hizi, tumezitupa kwa haya.

Niseme mapema kwamba sinywi. Msomaji atakayeniuliza nina haki gani ya kuzungumzia baa nitamwambia kwamba nimeketi ndani ya nyingi, na soda ya tangawizi mbele yangu, kwa sababu ya rafiki mmoja, mhandisi kutoka Kisumu, aliyefanya kazi Omani miaka sita na ambaye hakupenda kunywa peke yake. Yeye alikuwa ulimi, mimi nilikuwa macho. Tulizunguka kuanzia kumbi za Ruwi zenye wapiga ala waliochoka hadi baa za hoteli za Qurum na Shatti, na kila tulipotoka tuliulizana swali moja tu: tumeona nini humo ndani?

Tuanze na bia, kwani ndiyo nyepesi kuimaliza. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walimu wetu walitufundisha methali hiyo kama onyo dhidi ya majivuno, na wanafunzi wakaiandika katika insha pasi na kujua tembo lenyewe lina ladha gani. Mimi naiona kuwa kanuni ya uhakiki, tena kanuni ya mnywaji. Naamini aliyeitamka kwanza hakuwa mwalimu wa maadili. Alikuwa mtu aliyeketi chini ya mnazi na kata mkononi, akatambua kwamba la leo ni jepesi kuliko la juzi, akainua uso na kumtazama mgema. Methali inachukulia kwamba mgema ana jina, kwamba ameupanda mnazi mwenyewe, na kwamba neno la mnywaji humfikia sikioni na kumharibu au kumtengeneza. Katika mangwe za Kilifi, ambako mnazi hunywewa hadi leo, swali la kwanza ni limegemwa lini. La asubuhi ni tamu. Likishinda kutwa linakuwa kali. Likilala linaelekea kuwa siki. Mwenye kuonja hapo anahukumu mti, mkono wa mtu, na saa. Huo ni uhakiki kamili, na una msamiati wake.

Sasa uchukue msamiati huo uende nao Maskati. Mgema hayupo. Bia yote huingia kutoka nje, imepikwa na kampuni zile zile zinazoijaza Dubai na Singapore, na chupa inayofunguliwa Ruwi ni pacha wa ile inayofunguliwa Shatti. Anayeipa bia ya baa moja nyota nne na ya baa nyingine nyota tatu anasifu friji. Wala bei haikupangwa na mwenye baa peke yake. Juni 2019 serikali ilianzisha ushuru maalumu wa asilimia 100 juu ya pombe, tumbaku, nyama ya nguruwe na vinywaji vya kuongeza nguvu, kisha baada ya siku chache ikaupunguza ule wa pombe hadi asilimia 50. Tathmini nilizozisoma za miezi ile zinawalaumu wahudumu kwa bei. Rafiki yangu wa Kisumu aliyafupisha mambo haya vizuri kuliko nifanyavyo mimi: alisema kwamba katika miaka yake sita hakuonja bia ya Omani hata siku moja, basi atawezaje kuisifu au kuilaani?

Kuna wanaosema kwamba hii ndiyo hali ya nchi ya Kiislamu, kwamba kinywaji hicho ni cha mgeni na kimeletwa na mgeni. Sheria ya dini ninaijua na ninaifuata. Historia ni jambo jingine. Afisa wa Kiingereza James Wellsted, aliyesafiri ndani ya Omani mnamo miaka ya 1835 na 1836, aliwakuta watu wa Jabal Akhdar wakikamua divai kutokana na zabibu zao na kuinywa bila kujificha. Mgema, kwa maana ya mtu anayejulikana kwa kinywaji alichokitengeneza kwa mkono wake, alikuwapo milimani kilomita zisizozidi mia mbili kutoka Maskati. Alipoondoka hakubaki wa kusifiwa, na ndiyo sababu sifa zimelundikwa penye mandhari na huduma.

Kuhusu mandhari, waandishi wa tathmini wanapenda mno kuanza na kiti walichokalia. Mimi ningependa waanze na mlango. Sehemu kubwa ya baa za Maskati zimo ndani ya hoteli, na nyingi haziruhusu mtu aliyevaa vazi la taifa kuingia. Usiku wa kwanza nilimfuata rafiki yangu nikiwa nimevaa kanzu nyeupe na kofia ya kushona kwa mkono, ile ambayo Waomani huiita kumma na ambayo Mzanzibari yeyote ataitambua. Nikasimamishwa kwa adabu kubwa. Kijana aliyenisimamisha alikuwa Mganda, aliniambia kwa Kiswahili, "Samahani sana, mzee wangu, si mimi, ni kanuni." Nilirudi nyumbani nikavaa suruali. Ndani nilikuta Waomani wenzangu watano au sita waliokwisha kufanya kama mimi. Hakuna aliyeudhika. Kanuni ile haikumzuia mtu yeyote kunywa, ilizuia vazi lisionekane likinywa, na kila mmoja wetu alikubali kwamba heshima ya vazi ni jambo lenye maana. Lakini ukumbi ambao wenyeji huingia baada ya kujivua wenyeji wao una mandhari ya ajabu, na sijasoma tathmini hata moja iliyoiona ajabu hiyo. Mgeni anaandika kwamba watu walikuwa "mchanganyiko mzuri". Hakujua nani alikuwa amejigeuza ili mchanganyiko ule upatikane.

Kwetu sisi mlango una historia ndefu. Katika Kenya ya kikoloni Mwafrika alizuiwa kununua bia ya chupa hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Aliruhusiwa kilabu cha manispaa na pombe ya nafaka, chini ya jicho la askari, na faida ikaingia katika mfuko wa manispaa hiyo hiyo. Unguja, Waingereza walikuwa na English Club yao tangu 1888, na jengo lake la Shangani leo ni hoteli ya Africa House, ambako wasomaji wa jarida hili wameketi barazani wakitazama jua likizama. Wachache hujiuliza babu zao wangesimamishwa kwenye ngazi ipi. Sisemi kwamba mlango wa Maskati ni mlango ule ule. Nasema kwamba mtu wa asili yetu anayeingia baa na kuandika juu ya taa na mito ya viti, bila ya neno juu ya mlango, amesahau kazi iliyomsubiri.

Kuna baa moja katika hoteli ya Grand Hyatt iliyopewa jina la John Barry. Wageni wengi hudhani ni jina la mtunzi wa muziki wa filamu. Ni jina la meli ya Kimarekani, iliyopewa nayo jina la ofisa wa jeshi la majini mzaliwa wa Ireland, ambayo manowari ya Kijerumani U-859 iliizamisha tarehe 28 Agosti 1944 katika bahari ya Omani. Ilikuwa imebeba riyali milioni tatu za fedha, zilizochapwa Philadelphia kwa ajili ya Saudia. Mwaka 1994 zilitolewa zaidi ya milioni moja kutoka kina cha mita zipatazo 2,600. Ninaikumbuka meli hiyo kila ninapotazama hati ya malipo ya baa yoyote ya hoteli mjini, kwa sababu chini ya bei ya vinywaji huandikwa asilimia ya huduma, na mimi hujiuliza fedha ile inafika bandari gani.

Hapa ndipo penye ugomvi wangu hasa. Safu ya huduma humhukumu mtu mmoja tu, yule aliyesimama mbele ya mwandishi akiwa na sinia. Hammhukumu mwenye leseni wala aliyepanga zamu, na wakala aliyemtoza binti ada kule alikotoka kabla hajapanda ndege hatajwi kamwe. Tena humhukumu kwa jina, kwa kuwa jina limebandikwa kifuani mwake. Nimesoma zaidi ya mara moja kwamba fulani "alikuwa na sura ya kununa". Mwandishi wa maneno yale alilala usingizi mzuri, akasahau. Jina likabaki pale, la binti wa watu, kwa kila meneja atakayependa kulitafuta.

Usiku mmoja, katika baa ya hoteli ambayo sitaitaja, mhudumu alitusikia tukizungumza Kiswahili. Aliweka glasi mezani, akasita, akasema, "Shikamoo, mzee." Alikuwa Mkenya, kwao Voi. Alituambia mengi kwa vipande vidogo, kila alipopita na sinia: kwamba aliahidiwa kazi ya mkahawa na kufika akakuta ni baa; kwamba mama yake anaamini bado ni mkahawa; kwamba basi la wafanyakazi huwachukua hoteli usiku wa manane na kuwapeleka kwenye nyumba yao wanayolala wanne chumbani; kwamba anajua sheria imebadilika, kwani tangu Januari 2021 mfanyakazi amalizapo mkataba wake hahitaji tena cheti cha mwajiri cha kutokuwa na pingamizi ili ahamie kwingine, lakini mkataba wake ulikuwa na miezi kumi na minne mbele. Rafiki yangu alimwuliza kama ile asilimia ya huduma huwafikia. Akacheka. Akasema, "Mzee, hiyo muulize mwenye kompyuta."

Hakuwa na uso wa huzuni, na sitamfanya awe nao ili makala yangu ipendeze. Alikuwa hodari. Alikuwa amehifadhi kichwani vinywaji vya meza tisa, na alijua kumtuliza mlevi wa Kiskoti kwa kumwita "uncle". Huduma yake ilikuwa ya kiwango ambacho sijakiona London. Lakini neno "huduma" katika zile tathmini halikuwa na nafasi ya lolote kati ya hayo niliyoyataja. Lilikuwa na nafasi ya dakika ngapi bia ilichukua kufika mezani.

Nasi je? Nimewashambulia wageni vya kutosha, na tujitazame. Ni waandishi wangapi wa Kiswahili walioandika juu ya baa kama mahali pa kazi? Fasihi yetu imeipa baa jukumu moja, kuwa shimo la kuangukia. Ulevi wa Zakaria ndio unaoila nyumba yake katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Maimuna wa Utengano wa Said Ahmed Mohamed (1980) anafika kwa Mama Jeni, na sisi wasomaji tunajua tayari kwamba ameporomoka. Ni riwaya kubwa, nami sizidharau. Tena Said Ahmed Mohamed anaona wazi nani aliyemsukuma binti yule. Lakini tuliozisoma shuleni tulitoka na funzo kwamba baa ni ishara, na ishara haina zamu wala mshahara wala basi la usiku wa manane.

Kuna ushahidi mkongwe zaidi wa haya yetu. Abu Nuwas, aliyefariki Baghdad mwanzoni mwa karne ya 9, alikuwa mshairi wa divai kuliko mshairi mwingine yeyote wa Kiarabu. Mashairi yake yanataja mtungi, mnyweshaji, rangi ya kinywaji na saa ya kuamsha mwenye duka. Alivuka bahari akafika kwetu. Tukampokea, tukampenda, tukamwita Abunuwasi, tukamfanya mjanja anayewashinda wafalme na mahakimu. Kikombe tukamnyang'anya bandarini. Kizazi baada ya kizazi cha watoto wa Kiswahili kimecheka na Abunuwasi bila ya kuambiwa kazi yake ilikuwa nini. Sina hamu ya kumrudishia divai. Ningependa arudishiwe jicho lake, kwani yule mshairi, pamoja na madhambi yake yote, alimwona mnyweshaji. Alijua amevaaje na ametoka wapi.

Badala ya jicho hilo tumejipa baraza. Insha za ughaibuni kuhusu Waswahili wa Maskati, na nimezisoma nyingi, zinakwenda hivi: babu alitoka Unguja baada ya Januari 1964, au alirudi Omani baada ya Sultani Qaboos kushika nchi Julai 1970; sasa ameketi Mawaleh au Seeb, kahawa mkononi, mishkaki motoni, Kiswahili chake hakijachuja. Picha hiyo ni ya kweli. Mimi mwenyewe nimo ndani yake, na mishkaki ya Seeb sitaisema vibaya. Tatizo ni kwamba tumeifanya iwe jibu: wao wana baa, sisi tuna kahawa, wao wanalipa ili wakae pamoja, sisi tunakaa pamoja bure. Wanaojigamba hivi wamesahau kwamba kahawa yenyewe ilishitakiwa kwa makosa ya baa. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku kwa sababu aliona watu wamekusanyika usiku wakiinywa kwa namna iliyomkumbusha vilabu vya ulevi. Na neno lenyewe, qahwa, lilikuwa katika Kiarabu cha kale moja ya majina ya divai. Na ukitoka barazani kwa babu ukaenda kwenye duka la chai la mtaani Maskati, pale ambapo gari hupiga honi na kikombe cha karaki kikaletwa dirishani kwa baisa 100 au 200, anayekileta ni kijana wa Kerala aliyesimama tangu alfajiri. Hatumwulizi jina. Tunapiga honi tu. Nani basi atuandikie tathmini ya huduma sisi wanywaji, na atatupa nyota ngapi?

Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya ameniletea pingamizi ambalo siwezi kulipuuza. Amesema: unawafundisha wasomi wako kuzidharau nyota, ilhali nyota zile ni riziki ya binti. Meneja huzisoma. Anayetajwa kwa wema hupewa zamu nzuri, pengine likizo, pengine barua ya kumwombea kazi Doha. Ukiondoa sifa umemnyang'anya silaha aliyonayo, na wewe hutamlipia nauli.

Ni kweli, na nilikuwa nimelijua hilo kabla hajaniambia. Kwani usiku ule, tulipokuwa tukilipa, yule binti wa Voi aliinama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, ukifika nyumbani niandikie. Nyota tano, na jina langu uliandike vizuri, herufi kwa herufi, maana meneja anatafuta kwa jina." Akanionyesha beji yake. Nilisoma zile herufi mara mbili.

Sikuweza kumwambia habari za methali. Methali inamhusu mgema, naye si mgema. Hakupika chochote wala hakukitia maji chochote. Alikuwa ananiomba sifa kama mtu anavyoomba hati ya malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya. Wenye tembo walikuwa kwingine, na kila nyota ninayompa yeye inahesabiwa kuwa yao: hoteli inapanda daraja, inabandika tangazo mlangoni kwamba huduma yake ni bora, na asilimia iliyoandikwa chini ya hati inabaki pale pale. Hao ndio wanaosifiwa kwa mdomo wake.

Niliandika usiku ule ule, kwa Kiingereza, lugha ambayo meneja anaisoma. Nilimpa nyota tano na jina lake, herufi kwa herufi. Kisha nikaongeza sentensi tatu: kwamba bia ni ile ile ya kila mahali, kwamba mlango uliniomba nivue kanzu, na kwamba ningependa kujua asilimia ya huduma hugawanywa vipi baina ya wahudumu. Nilisita sana juu ya hiyo ya tatu. Niliogopa kwamba jina lake lipo juu yake, na kwamba mwenye kompyuta angedhani ni yeye aliyeniambia niulize. Nikaifuta. Nikaiandika tena chini ya jina la hoteli nyingine ambayo sikuwa nimewahi kuhudumiwa na mtu yeyote ninayemjua, nikaona huo ni uongo, nikaifuta huko pia.

Ndiyo maana nimeileta hapa, katika jarida ambalo meneja yule halisomi, kwa lugha ambayo nusu ya wahudumu wa Kiafrika wa mji ule wanaielewa. Wiki mbili baadaye tulirudi. Alituona toka mbali, akaja na soda yangu ya tangawizi kabla sijaagiza, akasema meneja ameisoma na amefurahi sana. Zamu yake, alisema, ilikuwa ile ile.